Gari Bovu Kutoka Yadi: Risiti Ina Nguvu Kuliko Kelele

Kuna sentensi moja ambayo imewanyamazisha wanunuzi wengi wa magari nchini. Utaisikia Ngong Road, utaisikia Kiambu Road, utaisikia Mombasa: "Gari likishatoka kwa geti yetu, ni lako na shida zake." Inasemwa kwa sauti ya mtu anayesoma sheria. Mnunuzi anaangalia chini, anampigia fundi wake simu, anaanza kutafuta pesa za giaboksi nyingine.

Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo si sheria. Ni mazoea tu, na inafanya kazi kwa sababu moja: mara nyingi mnunuzi hana karatasi ya kuipinga. Ana hasira, na pengine ana haki, lakini hana maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ambalo makubaliano yake yalikuwa ya mdomo ni mali ya aina hiyo kabisa.

Tuseme wazi kinachopotea hapa. Wengi wetu hatununui gari kwa pesa za ziada. Tunanunua kwa mkopo wa sacco, kwa akiba ya chama, kwa shamba lililouzwa nyumbani. Giaboksi ikifa wiki ya tatu, makato ya mkopo hayafi nayo. Mshahara unakatwa kila mwezi, gari liko juu ya mawe kwa fundi, na wewe umerudi kupanda matatu. Ukishindwa kulipa, watakaofuatwa ni wadhamini wako: mwenzako wa ofisini, shemeji yako, jirani aliyekuwekea sahihi kwa nia njema. Kwa hivyo gari bovu si jambo la kumeza kimya ili watu wasikucheke. Ni deni ambalo linaweza kuwafikia watu ambao hata hawajawahi kukaa ndani ya gari hilo.

Sheria inasema nini hasa

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hiyo, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa magari ya yadi".

Halafu kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo tunayo tangu enzi za ukoloni. Inasema kwamba ukimweleza muuzaji wazi kazi unayotaka kufanya na kitu, na ukategemea ujuzi wake kuchagua, basi kitu hicho kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Inasema pia kwamba ukinunua kitu kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kinapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Ona neno hilo: mtu ambaye biashara yake ni kuuza. Hapo ndipo yadi inatofautiana na jirani anayeuza gari lake kwa sababu anahama. Kinga unayopata kwa yadi ni kubwa kuliko unayopata kwa jirani, na hiyo ni sababu moja ya bei ya yadi kuwa juu. Umelipia kinga hiyo. Kwa nini uiache?

Ya tatu ni Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Hii inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Mtu akikuambia gari halijawahi kupata ajali na lilipata, au kwamba limetembea kilomita 60,000 na mita ilirudishwa, hiyo si "lugha ya biashara". Ni tendo lisilo la haki mbele ya sheria, na mnunuzi anaweza kuomba mkataba uvunjwe, mradi atoe notisi ndani ya mwaka mmoja tangu kununua. Sheria hiyo hiyo haiipi nguvu sentensi ndogo iliyochapwa chini ya mkataba kwamba umeacha haki zako zote za ubora. Kwa hivyo ukioneshwa maneno "gari linauzwa lilivyo, hapo lilipo", usidhani mjadala umeisha. Mara nyingi ndio unaanza.

Lakini tuwe waungwana pia

Sikubaliani na wale wanaosema kila gari likigonga ni kosa la yadi. Gari lililotumika limetumika. Sheria ya KEBS inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na gari la miaka 7 lina mipira iliyozeeka, betri inayokaribia mwisho na breki zilizoliwa. Cheti cha ukaguzi linalokuja nacho kutoka ng'ambo kinaonyesha kwamba lilifaa kutembea barabarani siku lilipokaguliwa. Si hati ya kusema giaboksi itaishi miaka mitano.

Kwa hivyo kabla ya kupiga kelele, jiulize shida yako iko kwenye kundi gani kati ya haya matatu.

Kundi la kwanza ni kuchakaa kwa kawaida. Tairi zimeisha, shoki zinagonga, wipa hazifuti. Hayo ungeyaona kwa macho yako na sheria haitakuonea huruma sana. Ukikagua gari kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzionyesha huwezi kuzigeuza kuwa kesi baadaye.

Kundi la pili ni kasoro iliyojificha. Giaboksi inateleza ikishapata moto, injini inakula maji, kompyuta ya gari ina makosa yaliyofutwa siku mbili kabla hujaja na sasa taa ya injini imerudi. Haya hayaonekani kwa mzunguko mmoja wa mtaa. Hapa una hoja.

Kundi la tatu ni uongo. Mita imerudishwa, gari lilipinduka likanyooshwa, mwaka wa kutengenezwa si ule uliotajwa, au lina deni la mtu mwingine. Hapa una hoja nzito zaidi, na wakati mwingine si kesi ya madai tu, ni jinai.

Anayechanganya makundi haya anajiharibia. Ukienda yadi na orodha ya mambo 14, kuanzia giaboksi hadi harufu ya viti, meneja atakujibu kuhusu viti. Nenda na moja au mawili makubwa.

Malipo yako ni sehemu ya mkataba

Hapa ndipo sisi watu wa simu tunaingia. Watu wengi huona malipo kama hatua ya mwisho ya kununua. Mimi nasema ni hatua ya kwanza ya ushahidi. Kila muamala una tarehe, saa, kiasi, jina la aliyepokea na kodi yake. Hakuna shahidi mwenye kumbukumbu nzuri hivyo. Ila shahidi huyo anasema tu kile ulichompa aseme.

Angalia jina kabla ya kuweka nambari ya siri. Ukiwa kwenye yadi yenye bango kubwa la kampuni, na unaambiwa utume amana ya KSh 100,000 kwa nambari ya simu ya kijana aliyekuonyesha gari, simama. Ikiwa jina linalotokea kwenye skrini si la yadi wala la mwenye gari, umemlipa mtu mwingine. Siku ya shida yadi itasema, "Huyo ni broka, hatumjui." Lipa kwa till au Paybill ya biashara, au kwenye akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba.

Kwenye Paybill, ile nafasi ya nambari ya akaunti usiijaze jina lako tu bila kufikiri. Uliza kama unaweza kuandika nambari ya usajili ya gari, au tarakimu za mwisho za chesisi kama bado halijasajiliwa. Hapo risiti yako inasema yenyewe pesa hizi zilikuwa za gari gani.

Tena usilipe yote kwa pumzi moja. Kikomo cha M-Pesa kwa sasa ni KSh 250,000 kwa muamala mmoja na KSh 500,000 kwa siku, kwa hivyo gari la KSh 780,000 halitalipwa lote kwa simu siku moja hata ukitaka. Wengine wanaona hicho ni kikwazo. Mimi naona ni nafasi. Toa amana ndogo ili gari lishikwe, na iandikwe kama itarudishwa ukaguzi ukikataa. Lipa sehemu kubwa baada ya fundi wako kulipima. Acha salio la mwisho hadi uhamisho wa umiliki uanze kwenye akaunti yako ya NTSA ndani ya eCitizen. Pesa ambayo bado iko mfukoni mwako ndiyo inayofanya simu zako zipokelewe haraka.

Na kabla ya salio hilo, fanya mambo manne yasiyochukua wiki:

Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA uone mwenye jina kwenye logibuku ni nani.

Tafuta kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya 2017, kama gari limewekwa dhamana ya mkopo wa mtu.

Kama gari limetoka Japani, omba karatasi ya mnada wake. Karatasi hiyo huonyesha kilomita zilizosomwa siku ya mnada na alama ya hali ya gari. Ukiona herufi R au RA mahali pa alama, ujue gari lilirekebishwa baada ya kuumia. Linganisha kilomita hizo na zile zilizo kwenye dashibodi leo. Gari haliwezi kupanda meli likiwa na kilomita 140,000 na kushuka Mombasa likiwa na 70,000.

Uliza swali hili na upate jibu kwa maandishi: "Gari hili ni la yadi au mnauzia mtu?" Magari mengi unayoyaona kwenye yadi yamewekwa hapo na wenyewe ili yauzwe kwa kamisheni. Hakuna ubaya. Ubaya ni kulijua hilo baada ya injini kukata, pale yadi inaposema muuzaji alikuwa mwingine na huyo mwingine hapokei simu.

Yale maneno matamu pia yaandikwe. Muuzaji akisema, "Hili halijaguswa, injini ni ile ile ya kiwanda," mwandikie kwenye WhatsApp jioni hiyo: "Asante kwa kunipokea leo. Nathibitisha umeniambia gari halijapata ajali na injini haijafunguliwa. Ni sawa?" Akijibu "ni sawa", una maandishi. Akikwepa, una jibu pia.

Gari likikataa: wiki ya kwanza ndiyo muhimu

Hatua ya kwanza ni kuacha kuliendesha. Najua ni vigumu, umelisubiri miezi. Lakini ukiendelea kulitumia miezi mitatu huku giaboksi inateleza, utakuwa umeongeza uharibifu na umeonyesha kama mtu aliyeridhika. Mlango wa kulirudisha unaweza kufungwa, ukabaki na haki ya kudai fidia pekee.

Hatua ya pili, usikimbilie kufungua giaboksi kwa fundi wako. Hapa watu wengi hupoteza kesi wakiwa na haki. Fundi akishaifungua, yadi itasema, "Ninyi ndio mmeiharibu." Wape yadi nafasi ya kuliona gari kwanza, kwa maandishi, na siku ya mwisho iliyotajwa.

Ujumbe wenyewe hauhitaji Kiingereza cha wakili. Unaweza kuwa hivi:

"Habari ya leo. Mimi ndiye niliyenunua Mazda Demio, chesisi nambari fulani, kutoka kwenu tarehe 3, kwa KSh 780,000. Malipo yalifanywa kwa Paybill yenu na kwa benki, nimeambatanisha risiti. Tarehe 14 giaboksi ilianza kuteleza ikipata moto na taa ya injini ikawaka. Nimeacha kuliendesha. Naomba mlikague pamoja na mimi kabla ya Ijumaa tarehe 20, kisha mniambie kwa maandishi kama mtalitengeneza, mtalibadilisha au mtarudisha pesa. Tafadhali thibitisheni kwamba mmepata ujumbe huu."

Soma tena. Hakuna tusi. Hakuna "nitawaanika mtandaoni". Kuna tarehe, kiasi, tatizo, ombi na siku. Tuma kwa WhatsApp na kwa baruapepe, na uhifadhi picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Simu piga pia, ila kila baada ya simu tuma ujumbe mfupi: "Kama tulivyoongea saa nne, mmeniambia fundi wenu atakuja kesho." Maneno ya simu hupeperuka, SMS inabaki.

Hatua ya tatu, pata ripoti ya mtu asiye upande wowote. AA Kenya hukagua magari, na kuna gereji zenye mashine za kupima kompyuta ya gari zinazotoa ripoti iliyochapwa. Ripoti iseme kasoro ni nini, ina dalili za kuwepo kwa muda gani na kuitengeneza kutagharimu kiasi gani. Lipia ripoti hiyo kwa simu na uweke risiti. Hiyo nayo ni sehemu ya hasara yako. Vivyo hivyo gharama ya kuvuta gari. Pesa taslimu uliyompa mtu wa breki-dauni saa tatu usiku barabara ya Thika ni ngumu kuithibitisha.

Hatua ya nne, usiache kulipa mkopo. Sacco haikukuuzia gari, ilikukopesha pesa. Ugomvi wako na yadi hauzuii makato. Na kama ni yadi yenyewe iliyokupa gari kwa malipo ya kila mwezi, kuacha kulipa bila barua wala ushauri kunaweza kukuletea watu wa kulivuta gari kabla hujasikilizwa. Andika kwanza, dai kwanza, na upate ushauri wa wakili kabla ya kushika pesa.

Kurudisha muamala si dawa ya gari bovu

Nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Huduma ya kurudisha muamala iko kwa mtu aliyetuma pesa kwa nambari asiyokusudia. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyelipa kwa mtu aliyemkusudia, akapata bidhaa, kisha bidhaa ikamkatisha tamaa. Kupiga simu kwa huduma kwa wateja ukisema "nilikosea nambari" wakati umekuja na gari nyumbani ni uongo, na uongo huo unaweza kutumika dhidi yako ukifika mahakamani. Ulikuwa na haki. Sasa una doa.

Kampuni ya simu haiwezi kuamua kama giaboksi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hilo ni kazi ya fundi na hakimu. Inachoweza kukupa ni taarifa kamili ya miamala yako, na hiyo ndiyo unayopaswa kuiomba. Usitegemee ujumbe ulio kwenye simu tu, maana simu huibwa na SMS hufutika. Pakua taarifa ya miezi husika, ihifadhi kwenye baruapepe, chapisha nakala mbili.

Na jihadhari na watu wanaojitokeza wakati umeumia. Atakupigia mtu akijiita afisa wa "kurejesha pesa", anajua hata jina la yadi kwa sababu ulilalamika hadharani, na anachotaka ni nambari yako ya siri au ada kidogo ya kufungua faili. Huyo ni mwizi wa pili.

Yadi ikikukaidi

Siku ikipita bila jibu, andika barua rasmi ya madai. Taja sheria, taja kiasi, toa siku 7 au 14. Unaweza kuiandika mwenyewe, ingawa ya wakili husomwa haraka zaidi. Yadi nyingi zinajua hesabu: kutengeneza giaboksi ni nafuu kuliko kesi. Wengi watakuita kuongea hapo.

Wakikuita, nenda. Maelewano mazuri ni bora kuliko ushindi wa mwaka kesho. Ila usiweke sahihi kwenye karatasi inayosema "sina madai tena" kabla gari halijatengenezwa na kupimwa. Kama ni kugawana gharama, iandikwe nani analipa kiasi gani, gereji gani, kwa sehemu mpya au za kutumika, na dhamana ya siku ngapi. Pesa wanazokurudishia zipite kwa simu au benki, zisije kwa bahasha.

Wakikataa, una milango kadhaa. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji kuhusu maelezo ya uongo na mienendo ya kuwaonea wateja. Kama gari liliibwa, lina chesisi iliyochezewa, au liliuzwa kwa watu wawili, nenda kwa DCI, kwa sababu kupata pesa kwa njia ya uongo ni kosa la jinai.

Lakini mlango ninaotamani Wakenya wengi waujue ni Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa na sheria ya 2016 na ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi KSh 1,000,000, yakiwemo yanayotokana na mikataba ya kuuziana bidhaa, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Haibanwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hivyo risiti zako, jumbe zako za WhatsApp na ripoti ya fundi zina mahali pa kusikilizwa. Na kumbuka, kinachohesabiwa ni kiasi unachodai, si bei ya gari. Gari la KSh 1,400,000 ambalo linahitaji matengenezo ya KSh 220,000 bado linaweza kukufikisha pale.

Jambo moja linaloangusha watu: mshtaki mtu sahihi. Bango la yadi linaweza kuwa jina la biashara tu, na mwenyewe ni mtu binafsi au kampuni nyingine kabisa. Tafuta kwenye sajili ya biashara kupitia eCitizen, kisha linganisha na jina lililotokea kwenye risiti yako ya malipo. Hukumu dhidi ya jina lisilo la mtu wala kampuni ni karatasi tu. Unaona sasa kwa nini nilisema uangalie jina kabla ya kubonyeza nambari ya siri.

Kwa wenye yadi, na kwetu sisi wanunuzi

Kuna yadi nzuri, na nyingi. Zinakuacha ulete fundi wako, zinatoa dhamana ya injini na giaboksi kwa maandishi, zinakuonyesha karatasi ya mnada bila kuombwa mara tatu. Tatizo ni kwamba sisi wanunuzi hatuzilipi kwa uaminifu wao. Tunaacha yadi iliyoandika dhamana na kukimbilia nyingine kwa sababu imepunguza KSh 20,000. Muuzaji anayeficha anajifunza kwetu kwamba kuficha kunalipa.

Tukibadilisha swali letu la kwanza, soko nalo litabadilika. Badala ya kuanza na "bei ya mwisho ni ngapi?", tuanze na "mtaniandikia nini?" Muuzaji asiyeogopa gari lake haogopi kalamu.

Kwa hivyo kama wiki hii unaenda kuangalia gari, beba fundi, beba simu yenye chaji, na usione haya kuomba kila kitu kwa maandishi. Watasema una maswali mengi. Waache waseme. Na kama gari tayari liko kwa fundi wakati huu unaposoma, fungua simu, pakua taarifa yako ya miamala, na uandike ule ujumbe leo kabla ya kulala. Taja tarehe, kiasi, tatizo, ombi na siku ya mwisho. Hasira itulie kidogo. Karatasi ndiyo iende kuongea.